Irudie Kwanza, Ndipo Umpe Kijana

Mwombe mtu mzima yeyote wa Kichiwa, hapa Njombe, aliyemaliza kidato cha nne amtajie mpwa wake riwaya nzuri ya kusoma, atajibu bila kufikiri: Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu. Kama alisoma zamani zaidi, ataongeza Rosa Mistika. Majina ni mazuri, na mengine nitayatetea hapa chini. Ila anayeyataja mara nyingi hajavifungua vitabu hivyo tangu siku aliyotoka kwenye chumba cha mtihani, na anachokikumbuka si hadithi, ni majibu. Takadini inahusu mila potofu. Watoto wa Mama N'tilie inahusu umaskini na ulevi. Kijana wa miaka 15 akikabidhiwa kitabu kwa maneno hayo ana haki ya kukisukumia chini ya kitanda, kwa sababu ameshapewa somo na hajaonjeshwa hadithi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao mengine yote yanautegemea, ni huu: riwaya yoyote unayotaka kumpa kijana, irudie kwanza wewe mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, kwa umri ulio nao leo.

Tabia ya kupendekeza kwa kumbukumbu ya mtihani ina chanzo chake. Marekani, riwaya za vijana zilipata sura yake sokoni: S. E. Hinton alichapisha The Outsiders mwaka 1967 akiwa na miaka 18, na wachapishaji wakaona kuwa vijana wako tayari kununua hadithi zinazowahusu wao wenyewe. Huku kwetu kazi ya kuchagua imefanywa zaidi na muhtasari wa somo. Vitabu teule vinatangazwa, Baraza la Mitihani linatunga maswali, na duka la vitabu linaagiza kile kitakachoulizwa. Juhudi za kutoka nje ya mzunguko huo zimekuwepo. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, ulisimamia hapa nchini Tuzo ya Burt ya riwaya za vijana iliyofadhiliwa kutoka Kanada, ingawa ilianza na miswada ya Kiingereza. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu nayo ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023. Pamoja na hayo, mwanafunzi wa shule ya kata bado anakutana na riwaya kwa mlango wa mtihani. Sidharau mlango huo. Bila huo wengi wasingeshika riwaya hata moja. Lakini unafundisha namna moja tu ya kusoma, ile ya kukusanya dhamira, ujumbe na falsafa ya mwandishi, na kuandaa hoja tatu tatu kwa kila kitabu. Vipo hata vitabu vya uchambuzi vinavyomfanyia mwanafunzi kazi hiyo, na anayevitegemea anaweza kufaulu vizuri bila kuigusa riwaya yenyewe. Miaka inapita, na mtu huyo huyo ndiye anayeombwa ushauri na wadogo zake.

Kujua umesimama wapi si kazi ngumu. Kabla hujafungua kitabu, chukua karatasi uandike unachokikumbuka: nani anafanya nini, kwa nini, na mwisho wake ni upi. Usiandike dhamira. Kisha soma, na ukimaliza linganisha. Chukua Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, kitabu kidogo cha mwaka 1952. Walio wengi wataandika kwamba ni hadithi ya mtu mwema na nduguze wawili wabaya, na kwamba wema hulipwa. Ukikifungua unakuta kimeanza na fumbo ambalo mwandishi wa hadithi za upelelezi angeliona lulu: liwali mpole, anayesifiwa na kila mtu, kila usiku anawachapa viboko manyani wawili, naye anaumia kuwachapa. Mjumbe wa mfalme ananyatia na kuliona tendo hilo. Kwa nini mtu mwema afanye jambo la namna hii? Hilo swali ndilo linalomshika mtoto wa miaka 13, na ndilo lililofutika kichwani mwako ukabaki na neno maadili. Tofauti kati ya karatasi yako na kitabu ndiyo itakayokuambia umwambie kijana nini. Karatasi na kitabu vikifanana kabisa, huenda kweli unakikumbuka. Au huenda umesoma tena kwa macho ya mtihani, basi rudia.

Takadini inafaa kupimwa kwa namna hiyo hiyo, na hapa Njombe ina uzito wa pekee. Ben Hanson aliiweka hadithi yake Zimbabwe ya zamani: Sekai anajifungua mtoto mwenye ualbino, mila za kijiji zinataka mtoto huyo asiishi, na mama anatoroka naye usiku. Katika notsi za shule hayo yanaitwa nafasi ya mwanamke na kupiga vita mila potofu, kana kwamba ni habari ya watu wa mbali ambao hawakuelimika. Lakini mkoa huu ulitikiswa mwanzoni mwa 2019 na mauaji ya watoto yaliyohusishwa na imani za kishirikina, na watu wenye ualbino Tanzania wamewindwa katika miaka ambayo wasomaji wa leo walikuwa tayari wamezaliwa. Mtu mzima anayeirudia Takadini akiwa na habari hizo hasomi tena juu ya mila za wengine. Anasoma juu ya jirani: nani kijijini alinyamaza, nani alifungua mlango, na yule aliyefungua alijiweka katika hatari gani. Atagundua jambo jingine pia, ambalo ni jepesi zaidi na kwa kijana huenda ndilo kubwa: nusu ya pili ya kitabu ni hadithi ya mapenzi. Takadini anakuwa mvulana anayetazamwa kwa jicho la pembeni, anajifunza kupiga mbira, na msichana Shingai anamwona kuwa mtu. Kijana yeyote anayejiona hafanani na wenzake, kwa rangi, kwa kigugumizi, kwa kiatu kilichochanika, anaweza kuingia humo. Mkabidhi kwa mlango huo. Mila potofu atazikuta mwenyewe.

Riwaya inayonipa hoja yenye nguvu kuliko zote ni Rosa Mistika. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliichapisha mwaka 1971 akiwa na miaka 27 tu, na haikuchukua muda ikapigwa marufuku shuleni. Waliokutana nayo wakiwa vijana wanamkumbuka Rosa kama binti aliyeharibika. Alilelewa kwa ukali, akafungiwa, na alipopata uhuru wa chuo akautumia vibaya. Somo ni malezi. Irudie ukiwa mzazi, au ukiwa na miaka 35 tu bila mtoto, na kitabu kinageuka mikononi mwako. Unamwona Zakaria, baba mlevi, akimpiga bintiye kwa barua ya mvulana, na unatambua kwamba aliyeandikiwa barua hakuwa ametenda kosa lolote. Unawaona wanaume wazima, wenye mishahara na vyeo, wakimzunguka msichana ambaye hakuna mtu aliyewahi kuzungumza naye juu ya mwili wake ila kwa kufoka. Wao wanaendelea na kazi zao. Yeye ndiye anayepata jina baya. Kezilahabi aliyaandika hayo waziwazi, hakuyaficha katikati ya mistari. Ni sisi tuliosoma tukiwa tumeshafundishwa nani wa kulaumiwa. Basi ukimpa binti kitabu hiki bila kukirudia, utampa pamoja na hukumu yako ya zamani, na hukumu hiyo itasoma kabla yake.

Hapa nasikia pingamizi, na ni la haki: kitabu hicho kina mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasoma. Ni kweli kina mambo mazito, tena zaidi ya yale ambayo wengi wanayakumbuka. Rosa anajitoa uhai. Mtu anayependekeza kwa kumbukumbu ya mbali huwa amesahau hilo, au amelihifadhi kama mwisho wa mhusika mkuu, na anaweza kumkabidhi kitabu binti ambaye mwezi huo huo yuko katika huzuni asiyoisema. Pingamizi hili, ukiliangalia vizuri, linaunga mkono kurudia kuliko linavyounga mkono kuficha. Kitabu kikifichwa kinasomwa kwa kuibia, na marufuku ya zamani haikuizuia Rosa Mistika kuwa miongoni mwa riwaya za Kiswahili zinazojulikana zaidi. Kitabu kilichorudiwa kinatolewa na mtu anayejua ukurasa gani utauma. Kwa maoni yangu kisitolewe chini ya miaka 16, kisitolewe kwa aliyefiwa karibuni au aliyejitenga na watu, na anayefaa kukitoa si baba. Shangazi ni bora zaidi, au dada mkubwa ambaye binti huyo tayari anamwamini kwa mambo yake. Aseme mapema, kwa maneno ya kawaida, kwamba mwisho ni wa kifo cha namna ile, na kwamba atakuwepo binti akifika hapo. Kumtajia mwisho hakuiharibu riwaya hii. Kezilahabi hakuitegemeza kwenye kushtukiza.

Kurudia kunakuonyesha pia vitabu ambavyo orodha ya mtihani haikukutajia, au ilikutajia zamani ikaviacha. Mirathi ya Hatari ya Claude Mung'ong'o ilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1977. Jina la Mung'ong'o si geni Njombe, na jambo lenyewe si geni pia: kijana anarithishwa uchawi na baba yake mzazi. Wapo watakaosema ni hadithi ya kutisha ya kizamani, au kwamba kuuzungumzia uchawi ni kuutangaza. Mimi naona swali lake ni la kila kijana wa ukoo wenye kitu, kiwe shamba, duka, cheo cha mila au uhasama na jirani: je, mtoto ana hiari juu ya anachoachiwa? Msomaji wa kwanza anatafuta uchawi unavyofanya kazi. Msomaji wa pili anaona jinsi ilivyo vigumu kumkatalia baba anayekufa. M. M. Mulokozi naye aliwaandikia vijana Ngome ya Mianzi na Moto wa Mianzi, juu ya vita vya Mkwawa na Wajerumani. Shuleni Mkwawa ni shujaa wa taifa na habari inaishia hapo. Ubena, yaani huku kwetu Njombe, una kumbukumbu yake pia, ya kuwa jirani wa dola ya Mkwawa iliyokuwa ikipanuka, jirani aliyepigana nayo. Ukizirudia riwaya hizo ukiwa na kumbukumbu hiyo utakuwa na mazungumzo na kijana ambayo mwandishi wa notsi aliye Dar es Salaam hawezi kuyaandika: shujaa wa taifa alionekanaje kutoka upande huu wa milima? Muulize babu yake kwanza, kama yupo, halafu mpe kitabu.

Na kama ningelazimika kuchagua kitabu kimoja tu kwa vijana wa ukanda wa Makambako na Njombe leo, ningechagua ambacho wengi hawakihesabu kuwa cha vijana: Peponi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alikiandika kwa Kiingereza kwa jina la Paradise mwaka 1994, na tafsiri ya Ida Hadjivayanis ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Yusuf ana miaka 12 wakati baba yake anapomkabidhi kwa tajiri Aziz na kumpandisha treni kwenda pwani. Haambiwi kwa nini. Baadaye, dukani, kijana mwenzake Khalil anamfungua macho: yeye ni rehani ya deni la baba, na Aziz si ndugu yake hata kidogo. Sasa fikiria mabinti wa Iringa na Njombe ambao kwa miaka mingi wamepelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, wakipandishwa basi na mtu anayeitwa shangazi au mama mdogo, baada ya makubaliano ambayo wao hawakukaa kuyasikiliza. Gurnah hakuwaandika wao. Aliandika zama za misafara na mwanzo wa utawala wa Wajerumani. Lakini mtoto anayeondoka nyumbani bila kuelezwa mpango, anayegundua polepole thamani yake katika hesabu za wakubwa, hahitaji kufasiriwa Makambako, mahali ambapo barabara ya kwenda Njombe na Songea inaiacha barabara kuu na mabasi ya Dar es Salaam yanapita kila siku.

Utaniambia Peponi ni ngumu. Ni ndefu kuliko vitabu teule vingi, ina safari ya bara ambayo inachosha katikati, na mwisho wake haufungi mambo. Nakubali yote matatu, na ndiyo maana nasema irudie kabla hujaitoa, ili ujue pa kumsindikiza msomaji. Mwambie asome sura ya kwanza pekee na akuletee neno. Akivutwa na Khalil, ambaye ni mcheshi na ana uchungu, ataivuka safari. Asipovutwa, mpe kwanza Siku Njema ya Ken Walibora, riwaya ya Kenya ya mwaka 1996, ambayo nayo ina mvulana aliyeondoka kwao: Kongowea Mswahili, anayetoka Tanga kumtafuta baba hadi Kitale. Ni nyepesi zaidi, inakimbia, na inatumia Kiswahili kinachojipamba hadi wakati mwingine kinazidisha. Mtu mzima ataona sadfa zimekuwa nyingi mno. Kijana hazitamsumbua, na si lazima umwonyeshe. Kuna faida nyingine kwa walioingia kidato cha kwanza wakakuta masomo yamegeuka Kiingereza ghafla: Peponi na Paradise zinaweza kusomwa sambamba, sura kwa sura, Kiswahili kwanza. Mzazi anayesema mtoto wake anahitaji Kiingereza na si riwaya za Kiswahili atapata vyote viwili, na mtoto atakuwa anaijua hadithi kabla hajapambana na sentensi.

Riwaya za upelelezi nazipitia haraka kwa sababu zinajitetea zenyewe. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa wamewafundisha Watanzania wengi zaidi kumaliza kitabu kuliko mwalimu yeyote. Kufa na Kupona ya mwaka 1974 bado inasomeka usiku mmoja, na kijana atajifunza humo, bila kufundishwa, kwamba Dar es Salaam ilikuwa makao ya harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika. Ukiirudia utashtuka jinsi wanawake walivyowekwa humo kama mapambo ya hoteli. Usiiache kwa sababu hiyo. Mtajie tu kijana wa kiume kwamba umeliona, halafu umwachie alione mwenyewe au alikatae.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni la muda, na pembeni yake lile la simu. Mtu anayelima viazi, au anayefungua duka saa 12 asubuhi, atauliza lini atakaa kurudia riwaya ili apate kumpendekezea mtoto wa mwingine. Jibu langu ni kwamba nimekuomba upendekeze kidogo. Kitabu kimoja kilichorudiwa, kwa kijana mmoja, mara moja au mbili kwa mwaka, kinazidi orodha ya vitabu 10 iliyoandikwa ubaoni. Riwaya nyingi teule ni fupi. Jioni chache za Juni na Julai, baridi ya Njombe inapomlazimisha kila mtu kukaa karibu na jiko, zinatosha. Kuhusu simu, hoja kwamba vijana hawasomi tena haiendani na wanachofanya kwenye simu hizo. Wanafuata simulizi za Kiswahili zinazotolewa kipande kwa kipande kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook, na wengine wanalipia ili wapate sehemu inayofuata. Huo ni usomaji mrefu, wenye subira, wa hadithi. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaambia kwamba hamu hiyo hiyo ina chakula chake kwenye karatasi pia, na mtu huyo hawezi kuaminika kama yeye mwenyewe hasomi.

Chagua wakati kwa akili. Katika mihula ya kawaida mwanafunzi ana vitabu vyake teule na hafai kuongezewa mzigo, hasa kidato cha nne. Muda wa dhahabu ni ule unaofuata mtihani: anayemaliza darasa la saba Septemba anakaa hadi Januari, na anayemaliza kidato cha nne Novemba hana shule hadi kidato cha tano kifunguliwe katikati ya mwaka unaofuata. Ni miezi ya mvua na kilimo, sawa, lakini mvua yenyewe ina siku za kukaa ndani. Huo ndio wakati ambapo vijana wengi wanaachana na vitabu moja kwa moja, kwa kuwa hakuna tena anayewauliza. Vitabu teule utavipata kwenye maduka ya vifaa vya shule Makambako au Njombe mjini, na kwa bei ndogo zaidi kwa waliokwisha kufanya mtihani, kabla havijageuzwa vya kufungia karanga. Muhtasari ukibadilika, kama ilivyoanza kutokea na mitaala mipya kuanzia 2024, vitabu vinavyotoka kwenye orodha huachwa bila mwenyewe, vikusanye. Peponi na nyingine zisizo za mtihani utaagiza Dar es Salaam, na mzigo unakuja kwa basi kama mizigo mingine. Nunueni kwa kuchanga, watu watatu au wanne wenye vijana wa rika moja, na kila kitabu kivikwe jalada la karatasi ngumu siku kinapofika, kwa sababu unyevu wa huku haukionei huruma kitabu.

Ukikitoa, sema maneno machache. Usitaje dhamira wala faida. Sema jambo moja linalotokea mwanzoni na ukomee hapo: kuna liwali anawachapa manyani kila usiku huku analia, kuna mama ametoroka na mtoto mchanga gizani, kuna mtoto amepandishwa treni na hajui anakwenda kulipa deni. Halafu taja kwa nini umemfikiria yeye, kama ipo sababu isiyomwaibisha. Kijana wa rehani hapaswi kusikia kwamba umemwona ni wa rehani. Akimaliza, usimuulize amejifunza nini. Swali hilo litamrudisha darasani papo hapo, na atakupa hoja tatu. Muulize nani alimkasirisha. Muulize angekuwa Khalil angemwambia Yusuf ukweli siku ile ile au angesubiri. Mkitofautiana, usikimbilie kumsahihisha, maana wewe umesoma mara mbili na yeye mara moja, na huenda ameona kitu ambacho wewe pia ulikiona ukiwa na umri wake kisha mtihani ukakisahaulisha.

Wengine watakirudisha kitabu bila kukimaliza. Kipokee, usimhoji, na usikipeleke kwa mwingine kama adhabu. Kuna kijana aliyekiacha akiwa na miaka 14 atakayekiomba akiwa na 17. Na atakayekuletea simulizi yake ya kwenye simu akisema hii ni kali kuliko zako zote, omba akutumie kuanzia sehemu ya kwanza, lipia zilizobaki kama zinalipiwa, na usome mpaka mwisho kabla hujasema neno.